Siku Iliyotangulia Jumatatu

Katika bonde letu la Cwmgarn, viazi vya Jumapili vilimenywa Jumamosi. Vililala ndani ya sufuria ya maji baridi, viatu vikiwa vimekwisha kupigwa rangi na kupangwa mlangoni, ili siku ya Bwana ipambazuke pasipo mkono wa mtu kushika kisu wala brashi. Nyumba iliyoanika nguo Jumapili ilisemwa mpaka Ijumaa. Wachimba makaa wa bonde lile walikuwa na dhambi zao, na baadhi yao walizipenda, lakini hiyo hawakuwa nayo.

Hapakuwa na nyumba iliyoshika desturi hiyo kwa ukali kama ya Ithel Bowen, mwalimu wa kemia katika shule yetu ya sekondari na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka darasani wala nje ya darasa. Aliamini kwamba kemia na dini ni watoto wa mama mmoja, kwa maana zote mbili humdai mtu aseme kweli hata pale kweli inapomwaibisha. Kila mwanafunzi aliyeingia kidato cha sita alifundishwa kanuni moja kabla ya kanuni nyingine zote: andika ulichokiona, kabla hujafikiri ulipaswa kuona nini.

Mwaka ninaousimulia, darasa lake la kidato cha sita lilikuwa na wavulana watano na msichana mmoja. Kiongozi wa wavulana, kwa ulimi kama si kwa akili, alikuwa Gwilym Rosser, mtoto wa mchungaji wetu. Wakati wa baridi Gwilym alileta vipimo vitatu vya titresheni, kazi ya kudondoshea dawa moja ndani ya nyingine, vilivyolingana kama mapacha. Mwalimu alivitazama kimoja kimoja.

“Rosser,” alisema, “hata malaika nadhani mkono wao hutetemeka kidogo. Wako hautetemeki?”

Darasa lilicheka. Gwilym aliamriwa kuosha masinki yote ya maabara kwa juma zima, na karatasi yake ikachanwa mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo wote waliandika vipimo vyenye kutofautiana kidogo, na Mwalimu akaridhika. Hakujua kwamba watano kati yao walichokuwa wamejifunza ni kuigiza mtetemeko.

Yule msichana aliitwa Nesta Pugh. Hakuwa mwepesi kuliko wavulana wote, lakini alikuwa na mikono mitulivu, na alikuwa hasogei kutoka jambo moja kwenda jingine mpaka la kwanza limemkubali. Chuo kikuu cha pwani kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kusomea kemia, pamoja na ruzuku ya serikali, kwa sharti kwamba apate daraja la pili katika somo hilo. Nje ya nafasi hiyo palikuwa na kiwanda cha vifungo kule chini ya bonde, ambako binamu zake wawili walikuwa wakifanya kazi, na hapakuwa na kitu cha tatu. Baba yake, Elfed Pugh, alikuwa amelala sebuleni mwaka mzima, mapafu yake yamejaa vumbi la mawe. Aliishi kwa kuhesabu miezi iliyobaki kabla binti yake hajapanda treni. Mtu yeyote aliyemtembelea aliambiwa habari za treni hiyo.

Mtihani wa vitendo ulipangwa kufanyika Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, saa tatu asubuhi. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Kila mtahiniwa angepewa maji ya haidrojeni peroksaidi, ile dawa itoayo povu inapogusa kidonda, naye apime nguvu yake kwa kudondoshea pamanganeti ya zambarau kutoka katika bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama za kipimo. Zambarau huingia na kupotea, huingia na kupotea, mpaka tone moja linapokataa kupotea na maji yote kugeuka waridi hafifu. Hapo mtu husoma alama. Dawa ikiwa na nguvu, hunywa zambarau nyingi. Ikiwa imechoka, hunywa kidogo.

Halmashauri ya mitihani, iliyokaa mjini mbali na bonde letu, ilimtumia mwalimu maagizo ya siri. Yalimtaka atayarishe dawa hiyo “siku iliyotangulia mtihani, na si kabla ya hapo,” aipime mwenyewe, kisha kipimo chake akipeleke pamoja na karatasi za watahiniwa. Kipimo cha mwalimu ndicho ambacho kingekuwa mizani ya vipimo vya wote.

Ithel Bowen aliyasoma maagizo hayo kwa makini, kama alivyosoma kila kitu. Siku iliyotangulia Jumatatu. Katika nyumba aliyolelewa, na katika nyumba aliyoijenga, siku ya kazi iliyotangulia Jumatatu ilikuwa Jumamosi. Hakujiuliza mara mbili. Mkono wake ulikwenda penyewe, kama mkono wa mkewe ulivyokwenda kwenye viazi. Jumamosi mchana aliichanganya dawa, akaijaza katika chupa kubwa ya kioo cheupe na kuiweka juu ya meza iliyo chini ya dirisha la kusini. Akaipima papo hapo. Ishirini na nne nukta sita. Aliandika. Wazee wenzake walikuwa wakimngoja kanisani kwa kikao, kwa hiyo aliiacha bureti yake pale ilipo, kibanoni, katika chumba cha kutayarishia dawa, zambarau ikiwa bado imesimama kwenye alama. Angeiosha Jumatatu.

Jumapili jua lilipiga dirisha lile tangu asubuhi hadi jioni. Bonde zima liliimba. Ndani ya chupa, dawa ilikuwa ikichoka kwa mwanga, ikitoa vipovu vidogo sana, kimoja kimoja, na hapakuwa na mtu wa kuviona.

Asubuhi ya Jumatatu watahiniwa walitundika makoti yao katika chumba kile, kama walivyofanya siku zote. Gwilym ndiye aliyeiona bureti. Aliinamisha kichwa, akasoma, akasoma tena, na kabla kengele haijalia wote sita walikuwa wameisikia namba ile, kwa maana Gwilym alikuwa mkarimu katika mambo ya namna hiyo. Nesta aliisikia akiwa ameshika kola ya koti lake. Aliingia, akaketi.

Msimamizi wa mtihani alikuwa mwalimu wa historia, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye aliyafumba macho mara tu alipohakikisha kwamba kila mtu ana kalamu. Nesta alipima mara ya kwanza. Waridi lilikuja mapema mno: ishirini na moja nukta nane. Alidhani mkono umemkosa. Akaosha vyombo vyote upya, akapima tena, na waridi likaja palepale. Mara ya tatu aliishusha zambarau tone kwa tone, pumzi imezuiwa, naye akaona kile alichokwisha kukiona.

Gwilym, aliyekuwa meza ya jirani, alimtazama bila kugeuza shingo.

“Ishirini na nne nukta sita,” alinong’ona. “Bureti ya mzee si umeisikia?”

“Yangu haisemi hivyo.”

“Ya nani inasema? Ifundishe kusema, we mtakatifu. Au umeshapenda vifungo?”

Wavulana wote watano walikuwa wameona waridi likija mahali palepale lilipokuja kwake. Flaski zao zilijazwa kutoka chupa moja. Lakini wao walijua jibu, na mtu anayejua jibu haoni haja ya kuamini macho. Waliandika ishirini na nne na nukta zake, kila mmoja na mtetemeko wake mdogo wa kuigiza. Nesta aliitazama karatasi yake muda mrefu. Alijua kwamba mwalimu hakosei. Alijua pia alichokiona. Kati ya mambo hayo mawili alifundishwa na mwalimu huyohuyo lipi la kuandika, na ndilo aliloliandika.

Mchana Ithel Bowen alizikusanya karatasi kuzifunga. Hakuruhusiwa kuzisahihisha, lakini jicho la mwalimu haliwezi kuzuiwa. Watano walikuwa karibu naye. Mmoja alikuwa mbali. Alihuzunika kwa ajili ya Nesta, akajiuliza ni kitu gani kilichomtetemesha msichana yule siku ile kati ya siku zote. Ilikuwa ni kwa kumhurumia tu kwamba alichukua dawa iliyosalia chupani na kuipima. Labda angegundua kosa alilolifanya.

Waridi lilikuja na kukaa katika ishirini na moja nukta nane.

Alipima tena. Kisha aliyachukua maagizo ya halmashauri na kuyasoma akiwa amesimama, na safari hii aliyasoma kama walivyoyaandika watu wa mjini, ambao kwao Jumapili nayo ni siku. Alijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba yeye alikuwa amekosea, na kwamba wanafunzi wake watano walikuwa wamedanganya juu ya kosa lake.

Kifurushi kilitakiwa kiondoke na posta ya jioni. Palikuwa na nafasi katika karatasi yake ya kuongeza mistari michache. Lakini mistari hiyo ingewavua nguo vijana watano hadharani. Wangefutiwa mitihani yote, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa mchungaji na mtoto wa mjane aliyefua nguo za watu ili amsomeshe. Asipoiandika, msichana mmoja angehesabiwa kuwa na mkono mbaya. Mtu aliyewafundisha watoto kwa miaka mingi kutopima kweli kwa faida yake alisimama akipima. Kisha alikiacha kipimo chake cha Jumamosi kama kilivyokuwa, akafunga kifurushi kwa lakiri na kukipeleka posta yeye mwenyewe.

Siku ya Jumatano palikuwa na ibada ya maombi. Mchungaji Rosser alimshukuru Mungu kwa sauti kuu kwa ajili ya mwalimu mwaminifu aliyelipatia bonde letu vijana wa kweli, na kusanyiko likaitikia. Kisha akamwomba Mzee Bowen aongoze sala ya kufunga. Ithel Bowen alisimama. Tulingoja. Aliketi tena bila kusema kitu, na watu wakadhani ni mgonjwa.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Elfed Pugh.

Olwen, mkewe Elfed, alimkaribisha kwa adabu na kumvutia kiti, ila yeye alikataa kuketi. Nesta alikuwa akimshikia baba yake kikombe. Mwalimu alisimulia yote akiwa amesimama, tangu maagizo hadi lakiri, bila kujitetea, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma kanuni ubaoni. Alipomaliza, palisikika pumzi ya Elfed peke yake, ikipanda kama mtu anayeburuta mnyororo.

“Unaukumbuka mwaka waliponitaja niwe mzee wa kanisa?” Elfed aliuliza hatimaye.

Mwalimu alisema anaukumbuka.

“Ulisimama wewe. Ukasema mtu anayeshuka mgodini Jumapili hafai kugawa mkate wa Bwana.” Alipumzika. “Nilikuwa naangalia pampu, Bwana Bowen. Maji hayajui Jumapili. Ningekuja kuimba na nyinyi, Jumatatu wenzangu wangekuta ziwa kule chini.”

“Na hiyo dawa yako nayo haikujua Jumapili,” Olwen alisema. “Chai yako inapoa.”

Mwalimu hakuigusa chai. Nesta aliweka kikombe cha baba yake chini, akapangusa mikono kwenye aproni.

“Mwalimu, ulipopima tena uliona ngapi?”

“Ishirini na moja nukta nane.”

“Ukaandika ngapi?”

Mwalimu aliinamisha macho kwenye kikombe cha chai. Msichana hakupandisha sauti, wala uso wake haukuonyesha hasira. Alisema kama anavyosema mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga bomba.

“Basi andika.”

Aliandika jioni hiyohiyo, kurasa mbili, na kosa lake akaliweka mbele ya makosa ya wengine. Hilo ni haki tulikumbuke. Lakini kweli iliyocheleweshwa hufika ikiwa na matope miguuni, na watu huyaona matope kwanza.

Baada ya juma moja walikuja mabwana wawili kutoka halmashauri. Waliketi katika ofisi ya mkuu wa shule na kuwaita watahiniwa mmoja mmoja. Wavulana, waliokuwa wamekwisha kufundishwa na baba zao, walisema hawakuona kitu wala kusikia kitu, na kwamba waliandika walichokisoma. Nesta aliulizwa kama aliijua namba ya mwalimu kabla ya mtihani. Alisema ndiyo, aliisikia kwenye makoti. Aliulizwa kama mwalimu alifika nyumbani kwao kabla ya kuandika barua yake. Alisema ndiyo, Alhamisi. Aliulizwa kama yeye ndiye aliyemwambia aandike. Akasema ndiyo.

Wale mabwana hawakuwa watu wabaya. Walitazamana, wakashusha macho kwenye karatasi zao. Mbele yao palikuwa na siri iliyovuja kwa wote sita, kwa ungamo la mmoja wao. Palikuwa na mwalimu aliyebadili ushahidi wake siku aliyotoka katika nyumba ya mwanafunzi mmoja, kwa faida ya mwanafunzi huyo, na kwa kuambiwa naye. Kama angeandika Jumatatu ile, kabla ya posta, mmoja wao alimwambia mkuu wa shule pale mlangoni, jambo lingekuwa jepesi. Sasa hapakuwa na njia ya kumtenga yeyote. Mtihani wa vitendo wa shule nzima ulifutwa.

Bonde letu halikumlaumu Gwilym. Lilimlaumu Nesta, kwa sababu wenzake walinyamaza na yeye akasema. Yule mjane aliyefua nguo za watu alivuka barabara asikutane na Olwen. Kanisani, benchi la akina Pugh lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mchungaji Rosser alimpeleka mwanawe kwa mjomba wake, mji mwingine, akarudie mwaka katika shule ya kulipia. Vijana wawili wengine walifanya vivyo hivyo, na waliobaki walipata kazi za ofisini katika mgodi. Ithel Bowen alijiuzulu uzee wa kanisa kabla hajaombwa, na shule ilimstaafisha Krismasi. Aliketi viti vya nyuma tangu siku hiyo. Viazi vyake viliendelea kumenywa Jumamosi.

Mwezi wa Agosti chuo kikuu kiliandika kwamba kinasikitika. Mwalimu alikuja tena kwa akina Pugh, na safari hii aliketi. Alimwomba Nesta arudie mwaka. Angemfundisha mwenyewe, nyumbani kwake, kila jioni, bila malipo. Nesta alimshukuru, akasema kwamba ataanza kazi Jumatatu. Hakueleza sababu. Sababu ilikuwa imelala pale kitandani, chini ya blanketi, na haikuwa ikiweza tena kukaa bila kushikwa.

Elfed alifumbua macho. “Kwa Mungu uliwahi, Bwana Bowen,” alisema. “Kwa binti yangu ulichelewa.” Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, alimwomba mkewe amletee mgeni keki.

Alikufa kabla ya baridi kuingia. Hakuitaja treni tena.

Kiwanda cha vifungo kilikuwa na chumba kimoja ambako pembe za ng’ombe zilifanywa nyeupe kabla ya kukatwa. Walipogundua kwamba msichana mpya amesoma kemia, walimweka humo. Dawa iliyotumika ilikuwa ileile ya mtihani, kali zaidi, katika mapipa makubwa yaliyopangwa chini ya madirisha, na katika miezi michache ncha za vidole vyake ziligeuka nyeupe kama zimechovywa katika chokaa. Kazi yake ya kwanza kila Jumatatu ilikuwa kupima nguvu ya kila pipa na kuandika kipimo ubaoni, ili wakataji wajue pembe zikae muda gani.

Msimamizi wake, Bwana Treharne, alikuwa mtu mchangamfu aliyechukia kungoja. Jumatatu ya kwanza ya Nesta alimkuta akijaza bureti.

“Pima ya nini tena, binti?” alimwambia. “Hayo mapipa tuliyapima Jumamosi. Jana hapakuwa na mtu humu. Andika ile ile ya Jumamosi, tuanze kazi.”

Nesta alisema ni dakika chache tu. Bwana Treharne aliguna, akatoa saa yake mfukoni, akaishika wazi mkononi ili Nesta aione. Wasichana waliokuwa wakingoja kwenye meza za kukatia walianza kunong’ona. Mmoja wao, binti wa yule mjane, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyo ndiye yule. Nesta aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na alama, akafungua bomba la bureti, na kuanza kudondosha zambarau, tone kwa tone.